Nati ya sampu ya sumaku, ile ya kampuni au valvu: ipi ufunge kwenye gari ya zamani?

Wakuu habari zenu. Nataka tuongelee ile nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nati ambayo fundi anaifungua kumwaga oili, mana naona wenye Carina, Spacio, Noah za zamani, IST na RAV4 za mwanzo wanashawishiwa sana wafunge ya sumaku, wanaambiwa itasafisha oili na injini itadumu, wengine wanaagiza inakuja na basi toka Dar, afu ikishafungwa ndo maneno yanaanza, oili inadondoka, nati haikazi, au thredi (yale meno ya kukazia) za sampu zimekufa kabisa na gari iko Uvinza huko na sampu nyingine haipo. Sumaku yenyewe haina ubaya. Shida ni kwamba kwenye gari iliyoshakula kilomita nyingi sehemu dhaifu ni tundu la sampu, na kila nati ngeni unayoiingiza pale inalitesa hilo tundu, kwa hiyo kabla hujauliza ipi inakamata chuma vizuri, uliza ipi itaacha tundu likiwa zima.

Kwanza tujue sumaku inasaidia wapi. Oili ikishapita kwenye metali (vile vibapa vinavyobeba krenki), kamshafti na pistoni inadondoka kwenye sampu, pampu inaivuta kupitia neti ya kuchujia, inaisukuma kwenye filta, ndo inarudi kwenye krenki. Yaani filta iko kati ya pampu na metali, chembe ya chuma ikikosa kunaswa na sumaku kule chini bado ina filta mbele yake. Anayefaidika zaidi ni pampu, mana kabla yake kuna neti tu na neti inazuia mapande makubwa. Faida nyingine ipo pale filta ikiziba au oili ikiwa nzito asubuhi, ile valvu ya dharura ya filta inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, hapo chuma kilichokwisha kunaswa kwenye sampu kinakuwa hakipo kwenye msafara. Ni faida ya kweli ila ndogo.

Na inakamata chuma tu. Ringi za pistoni, slivu, cheni, kamshafti, hivyo vikilika sumaku itaonyesha. Uso wa metali za krenki ni mchanganyiko wa risasi, bati, shaba na aluminiamu, sumaku hauoni kabisa uso huo ukilika. Pistoni ni aluminiamu, haizioni. Mchanga na vumbi la njia za vijijini Kaliua au Kibondo lililopenya kwenye paipu ya hewa iliyopasuka, sumaku hailioni pia, na vumbi hilo ndo linalosaga ringi. Mtu anafungua nati anaona sumaku safi anafurahi kumbe metali zinakwisha na hamna kitu cha kumwambia. Kwa hiyo ukimwaga oili iangalie juani kwenye beseni, ukiona vinavyong'aa vya rangi ya shaba hiyo ni habari nzito kuliko chochote kilichoganda kwenye sumaku.

Sasa tulinganishe.

Nati ya kampuni na washa mpya

Hii ya kiwandani ndo kipimo chetu, nyingine zote tunazipima kwa hii. Toyota ndogo nyingi zinatumia nati ya M12 (unene milimita 12) yenye hatua ya 1.25 (milimita toka jino hadi jino), kichwa spana ya 14. Nissan nyingi ni hivyohivyo. Honda na Mitsubishi nyingi ni M14 hatua ya 1.5, spana ya 17. Subaru zile za injini ya EJ nati yake ni nene, M20 hatua ya 1.5. Shikeni hizi namba mana ndo chanzo cha nusu ya matatizo nitakayoyasema chini.

Ubaya wa nati ya kampuni haupo kwenye nati, uko kwenye washa, ile ringi bapa inayokaa kati ya nati na sampu. Washa imetengenezwa ibonyee mara moja ijaze mikwaruzo midogo kati ya nati na sampu. Ukiirudisha ileile ikiwa imeshabonyea haizibi, oili inatoka kidogokidogo, fundi anaongeza kukaza, service inayofuata anaongeza tena, afu siku moja nati inazunguka haina mwisho. Thredi zinakufa hivyo, taratibu, kwa sababu ya kitu cha bei ya soda. Ile washa ya aluminiamu ukitoa tupa. Ya shaba unaweza kuipasha moto mpaka iwe nyekundu ukaiacha ipoe, inarudi kuwa laini, inatumika tena vizuri tu.

Kukaza nako kuna kiasi chake. Toyota ndogo nyingi ni karibu nyutoni mita 38, hicho ndo kipimo cha nguvu ya kukaza. Huna spana ya kupimia? Chukua spana ya sentimita 20, ukiivuta mwishoni kwa nguvu ya kunyanyua kama kilo 19 umeshafika. Ukiingiza paipu ikawa nusu mita, kwa nguvu ileile ya mkono unapiga nyutoni mita 95, hiyo ni mara mbili na nusu. Na mashine ya upepo usikubali hata siku moja iguse nati ya sampu wakati wa kufunga, simama hapohapo na useme hapana, gari ni yako.

Nati ya sumaku ya bei rahisi

Hizi za kwenye pakiti ya plastiki, nyekundu au bluu, zinapendeza kweli. Tatizo lake la kwanza ni saizi. Zinauzwa kwa kuandikwa M12 basi, mtu anajua M12 ni M12. Kuna M12 ya hatua ya 1.25 na kuna M12 ya hatua ya 1.5 ambayo ni ya gari nyingi za Ujerumani. Kwenye milimita 10 za urefu ya kwanza ina meno 8 na ya pili meno hayafiki 7. Ukiiingiza inakubali mizunguko ya mwanzo kwa mkono afu inakaza, na hapo ndo mtu anachukua spana anaamini ni uchafu. Sio uchafu, ni chuma kinakata chuma. Nati ya sampu sahihi inaingia kwa vidole karibu yote mpaka washa iguse, ikigoma kabla ya hapo toa, linganisha na ya zamani, zilaze ubavu kwa ubavu meno yaingiane, ukiona mwanga katikati hiyo irudishe dukani.

La pili ni mwili wa nati. Nyingi za rangirangi ni aluminiamu, kichwa kinaviringika mapema, na kola yake, ule ukingo chini ya kichwa unaokandamiza washa, ni nyembamba kuliko ya kampuni kwa hiyo washa haikaliwi yote. Kwenye tundu jipya unaweza usione shida. Kwenye tundu la miaka 20 ambalo uso wake umeshachimbika, ile kola nyembamba inakaa palepale penye bonde.

La tatu ni urefu. Ile ncha ya sumaku inatokeza ndani. Sampu nyingi zina nafasi, ila zipo zenye bati la kuzuia oili isirukeruke lililokaa karibu na tundu, ncha inaligonga kabla kola haijakaa, mtu anadhani imekaza kumbe imebanana na bati.

La nne ndo linanikera kuliko yote, sumaku kutoka. Kuna Carina iliingia gereji moja hapa Mwanga, Kigoma, yenyewe inakwenda Kasulu na kurudi kila mara, fundi kafungua nati, kaifuta, kaigeuza kwenye jua, nchani kumebaki kishimo cha duara kitupu na gundi ya njano iliyokauka pembeni. Akamwambia mwenye gari, "Mzee wangu, sumaku yako imebaki ndani." Mzee akauliza, "Sasa kijana wangu, si itanipondea injini?" Fundi hakumjibu, akakunja waya mgumu ncha yake ikawa ndoano, akaingiza kwenye tundu akawa anapapasa ukuta wa sampu huku amefumba macho, mpaka akaisikia. Sampu ya ile Carina ni ya bati la chuma kwa hiyo sumaku ilikuwa imejigandisha karibu na tundu, akaivuta polepole mpaka mdomoni ikatoka na manyoya ya chuma pande zote. Mzee alipona kwa sababu ya aina ya sampu tu. Ingekuwa sampu ya aluminiamu, na Honda nyingi ni hizo, sumaku haina cha kushika, inatembea na oili mpaka ikutane na neti ya pampu.

Sababu ni joto, gundi inachoka, na sumaku yenyewe nayo haisalimiki. Sumaku hizi ndogo zenye nguvu ni neodimiamu, na daraja lake la kawaida likipita nyuzijoto 80 linaanza kupoteza nguvu na haizirudishi tena hata ikipoa. Oili kwenye sampu ikipanda milima ya Manyovu na mzigo inapita 100. Zipo neodimiamu za daraja la juu zinazohimili, na zipo za samariamu na kobalti zinazovumilia zaidi ya 250, ila hizo hazikai kwenye pakiti ya elfu chache.

Nati ya sumaku nzuri

Ipo, na nisingependa watu wachanganye na hiyo ya juu. Mwili chuma tupu, kola pana sawa na ya kampuni, kichwa saizi ileile ya spana, sumaku imezamishwa ndani na mdomo wa chuma umekunjwa kuishikilia, haijabandikwa juu kwa gundi. Njia rahisi ya kuijaribu kabla haijagusa gari: angalia inanyanyua misumari mingapi, afu itumbukize kwenye maji yanayochemka robo saa, itoe ipoe kabisa, jaribu tena misumari ileile. Ikipungua nguvu au sumaku ikichezacheza, hiyo haiendi kwenye injini. Maji ya moto hayafiki joto la oili lakini zile mbovu zinaumbuka hapohapo.

Ikifungwa, mara ya kwanza utakuta imevaa utelezi mweusi wa kijivu, kama masizi yaliyokandwa na mafuta. Kwenye gari ya zamani huo ni ulikaji wa kawaida, usiuze gari. Usugue kati ya vidole, ukiwa laini bila kukwaruza futa, funga, endelea. Ukikuta vipande unavyoweza kuviokota kimoja kimoja, vibapa au vijiti vinavyochoma kidole, hapo mwite fundi wa injini kabla hujaweka oili mpya. Na lazima uifute kila service, kuna watu wanaifungua na kuirudisha na uchafu wake, sasa hapo umeifunga ya nini.

Kwa hiyo ukiniwekea mbele yangu ya kampuni na hii nzuri, tundu likiwa zima na saizi ikiwa sahihi, nachukua yoyote na nalala usingizi. Ukiniwekea ya kampuni na ile ya pakiti, ya kampuni bila kufikiria.

Valvu ya kumwagia

Hii ni kibomba chenye kishikio, unafungua kwa kidole oili inatoka, huhitaji spana tena. Faida yake kubwa ni kwamba thredi haziguswi tena, na kwa tundu lililochoka hiyo sio kitu kidogo. Fumoto wa Japani ndo wanajulikana kwa hizi. Ila inaning'inia chini kuliko nati, na mimi kwa njia za ndani za Sikonge wakati wa mvua, au matuta ya vijijini ambako sampu inasuguana na udongo, siifungi kwenye gari ya chini kama Vitz. Inamwaga taratibu pia, na uchafu mzito unabaki kidogo. Kwenye jenereta nyumbani, au Land Cruiser iliyo juu na ina bati la kukinga chini, ni chaguo zuri sana.

Sumaku bila kugusa nati

Hapa watu wengi hawajapafikiria na kwa gari ya zamani ndo ninapowapeleka wanaoniuliza. Ganda la filta ya kuzungusha ni bati, sumaku ya bapa ukiigandisha kwa nje inavuta chuma kikwame kwenye ukuta wa ndani, na unapotupa filta unatupa na uchafu wake. Nguvu inapungua kwa kupita kwenye bati, sawa, ila hamna thredi inayoguswa na hamna kinachoweza kudondokea ndani ya injini. Ifunge na klempu ya paipu isidondoke njiani.

Na kama unachotaka ni kujua hali ya injini tu, chukua sumaku ya spika mbovu, izungushie nailoni nyepesi, ipitishe kwenye beseni la oili uliyomwaga, zungusha taratibu hasa chini kabisa. Ukiitoa geuza nailoni ndani nje, uchafu wote unabaki mle, unautandaza kwenye karatasi nyeupe unauangalia juani. Unapata habari ileile ya nati ya sumaku na hujanunua kitu. Fanya kila service, linganisha na iliyopita, ukiona imeongezeka ghafla unajua.

Giaboksi na difu ni habari nyingine

Yote niliyosema ni ya injini. Giaboksi ya manyuo na difu hazina filta, chuma cha meno kikilika kinazunguka humohumo mpaka utakapomwaga, kwa hiyo huko sumaku ina kazi ya kweli na kama una hela ya nati moja nzuri ipeleke huko. Watengenezaji wenyewe wanajua, giaboksi za Honda za otomatiki nati yake ya kumwagia inakuja na sumaku toka kiwandani, giaboksi za manyuo za Subaru pia, na sampu za giaboksi za otomatiki nyingi zina sumaku zimelazwa ndani. Kwa hiyo kabla hujanunua, fungua ya kwako uiangalie, inawezekana unayo na haijafutwa toka gari ishuke bandarini. Joto la difu pia kwa safari za kawaida haliisumbui sumaku sana. Saizi zake ni kubwa tofauti na za injini, nenda dukani na nati mkononi.

Kama thredi zimeshakufa

Kuna nati inayojikatia thredi, nene kidogo kuliko ya mwanzo. Kwenye sampu ya bati la chuma inaweza kukutoa Kaliua ikakufikisha Tabora mjini, na watu wanatembea nayo miaka. Kwenye aluminiamu siipendi, inaingia upande, inapasua, na vipande vinavyokatwa vinadondokea ndani. Ikibidi, paka grisi kwenye meno ili vipande vigande, toa kila baada ya mzunguko mmoja ufute, afu mwishoni mimina oili kidogo ya bei rahisi juu itoke chini isafishe.

Bora zaidi ni kupanua tundu na kuingiza springi ya thredi, unabaki na saizi yako ya kampuni na thredi ngumu kuliko za mwanzo. Inahitaji fundi mwenye tepu (kikatio cha thredi) sahihi na mkono uliotulia, ukimpata mlipe vizuri. Ukikosa, agiza sampu ya mtumba Ilala. Kwa IST na ndugu zake wa injini ya 1NZ ile sampu ya chini ni ya bati, inatoka peke yake, inakaa na silikoni, kazi ya mchana mmoja. Silikoni iwe uzi mwembamba, ile inayofura kwa ndani ndo inakuja kukatika ikaziba neti ya pampu. Na msifunge nati ya sampu kwa utepe wa mafundi bomba au kwa silikoni kuficha tundu bovu, mnaahirisha tu na siku itakayoachia inaachia oili yote kwa mkupuo.

Ukishafunga yoyote kati ya hizi, washa gari dakika tano, zima, futa kote pakauke kabisa, tandaza gazeti chini ulale. Asubuhi ukikuta tone usikimbilie kukaza, mwaga oili kwenye chombo kisafi, toa nati, angalia washa imebonyea pande zote sawasawa au upande mmoja. Ikiwa upande mmoja basi nati imeingia kombo au uso wa tundu umechimbika, na hakuna kukaza kutakakorekebisha hilo.